Sheria za Ajabu za Bao na Sheria za Nchi

Kila mchezo wa mezani una sheria moja au mbili ambazo mgeni akielezwa hucheka kwanza, kisha huuliza: kwa nini? Mwenyeji aghalabu hana jibu. Husema tu kwamba ndivyo mchezo unavyochezwa, na kwamba asiyetaka anaweza kuinuka akampisha mwingine. Mgeni akivumilia kukaa, baada ya michezo kumi au ishirini huacha kuuliza, kwa sababu keshaona mwenyewe kazi ambayo sheria ile inaifanya.

Makala haya yanahusu sheria za namna hiyo. Nitaanza na bao, kisha nitaeleza matukio matatu ya historia ya nchi yetu, la kwanza likiwa la hapahapa chini ya Mlima Meru, ambamo watu wetu walikutana na sheria iliyopingana na kila walichokitazamia. Hoja yangu ni kwamba sheria kuwa ya ajabu si kasoro. Ipo sheria ya ajabu iliyo ya haki, na ipo sheria iliyonyooka kama rula ambayo ni dhuluma tupu. Tofauti kati ya mbili hizo huipati kwa kusoma maneno ya sheria peke yake. Unaipata kwa kuuliza maswali matatu. Je, sheria ilijulikana kabla ya mchezo kuanza? Je, inawafunga wachezaji wote wawili? Na mmoja akikosea, nani ana haki ya kusema kwamba amekosea?

Mashimo 32, kete 64

Hapa Kijenge, upande wa mashariki wa jiji la Arusha, mchezo unaoonekana zaidi vijiweni ni drafti ya vizibo vya soda. Bao lipo, ila yafaa ulitafute. Hata hivyo, michezo ya jamii ya bao si migeni katika nyanda hizi. Wasemaji wa Kimaa wana enkeshui, unaochezwa katika mistari miwili ya mashimo. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937, yapo mashimo ya mchezo kama huu yaliyochongwa juu ya mwamba, ambayo hakuna dhoruba iliyoweza kuyafuta. Mfaransa Étienne de Flacourt, katika kitabu chake cha mwaka 1658 juu ya Madagaska, alikwisha kueleza mchezo wa huko unaofanana na bao letu. Tunazungumzia basi kitu chenye umri mkubwa kuliko mipaka ya nchi zetu zote.

Bao la Kiswahili, lile linalochezwa Zanzibar, Lamu na miji mingine ya pwani, na ambalo limepanda bara pamoja na lugha yetu, lina mistari minne yenye mashimo manane kila mmoja. Kila mchezaji anamiliki mistari miwili iliyo upande wake, wa mbele na wa nyuma. Kete ni 64, na kila mmoja ana 32. Mwanzoni 10 huwekwa ubaoni: sita ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, ambalo kwa kawaida huchongwa mraba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayolifuata. Zile 22 zinazobaki hukaa mkononi na kuingizwa moja moja, kila zamu moja, katika awamu ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huanza awamu ya mtaji, ambamo mchezaji huchota kilichomo ubaoni.

Sasa zitazame sheria zenyewe.

Ya kwanza: kete iliyoliwa haifi. Katika drafti au sataranji, kinacholiwa hutolewa mezani na kutupwa pembeni. Katika bao, kete unazozila kwa mwenzako unazipanda upande wako, ukianzia kichwani, yaani katika shimo la mwisho la mstari wa mbele. Tangu zote ziingie ubaoni, kete 64 zinabaki kuwa 64 hadi mwisho. Mali haipungui wala haiongezeki, inahama tu. Kwa hiyo mchezaji aliyenyang'anywa nusu ya mali yake hajashindwa, kwa kuwa mali hiyo ipo mbele ya macho yake na zamu ijayo anaweza kuirudisha.

Ya pili: kula ni lazima. Ukiwa na nafasi ya kula, huna hiari ya kusema unaiacha. Mgeni hudhani hii ni neema, kwani nani asiyetaka kula? Fundi wa bao anajua vinginevyo. Ulazima huo ndio anaoutumia kumwongoza mwenzake. Anamwekea kete mbili mahali ambapo lazima azile, na katika kuzila anajifungua upande mwingine na kupoteza kumi.

Ya tatu: ukianza zamu kwa kutakata, yaani kwa kucheza bila kula kwa kuwa hakuna cha kula, basi zamu hiyo yote ni ya kutakata. Hata kete yako ya mwisho ikitua mkabala na shimo la mwenzako lililojaa, huruhusiwi kuligusa. Jinsi ulivyoanza ndivyo utakavyomaliza.

Ya nne ni ya nyumba. Maadamu nyumba ina kete sita au zaidi na bado haijachezwa, ina heshima ambayo shimo jingine halina. Ukiwa unakula katika kunamua, na kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yako, una hiari ya kulala hapo au kuivunja na kuendelea na safari. Na kama unapaswa kutakata huku mstari wako wa mbele hauna kitu isipokuwa nyumba, unachota kete mbili tu ndani yake na kuzipanda, kama mtu anayelipa kodi ya kichwa. Lakini nyumba ikishavunjwa, heshima hairudi. Hata uijaze kete 20, ni shimo kama mashimo mengine.

Ya tano ndiyo inayowasumbua hata wazoefu, nayo ni ya kutakasia. Katika awamu ya mtaji, tuseme umetakata, na mwenzako naye hana cha kula, na ikaonekana kwamba zamu yako ijayo unaweza kula shimo lake moja tu. Shimo hilo limetakasiwa. Mwenzako haruhusiwi kucheza kutoka humo ili kulinusuru, isipokuwa katika hali chache zinazojulikana. Yaani sheria inamzuia mtu kukimbia hatari anayoiona kwa macho yake mwenyewe.

Na ya sita, ambayo ndiyo msingi wa makala haya: wingi wa kete si ushindi. Kete za mstari wa nyuma haziliwi kamwe, ziko salama. Lakini mstari wako wa mbele ukibaki mtupu, umeshindwa papo hapo, hata kama mstari wa nyuma una kete 30. Wachezaji husema: bao hamna. Na ukishindwa hivyo wakati bado una kete mkononi, huitwa mkononi, nayo ni aibu kubwa zaidi. Mali iliyofichwa nyuma haimwokoi mwenye mstari wa mbele mtupu.

Sheria hizi kwa karne nyingi hazikuwa katika kitabu chochote. Watafiti kama Philip Townshend na Alex de Voogt waliziandika katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wakiwa wamezikuta zimekamilika vichwani mwa mafundi. Wataalamu wa hesabu na kompyuta waliozichunguza baadaye walithibitisha hata jambo ambalo wachezaji walilijua kwa mikono yao: kwamba upo uwezekano wa zamu moja kuzunguka bila kukoma. Mchezo usiokuwa na kitabu, usiokuwa na askari, wenye sheria ambazo mgeni anaziona hazina akili, umedumu. Nani aliulinda? Waliokuwa wamesimama kandokando. Barazani, mchezaji akipanda kete vibaya, si mpinzani wake peke yake anayepaza sauti. Ni wote waliopo, hata yule aliyekuja kununua kahawa tu.

Dhahabu inayofundisha upanga

Jambo hili si la kwetu pekee. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani wakiwa na karatasi, kalamu na dadu, na kila mmoja hujivika uhusika: huyu shujaa wa upanga, yule mchawi, mwingine mwizi. Mmoja wao huwa mwamuzi, naye ndiye anayeisimulia dunia wanamotembea, yenye mapango, mazimwi na hazina.

Mchezo huo nao ulikuwa na vituko vyake. Katika matoleo ya awali, kadiri nambari ya kinga ya mhusika ilivyokuwa ndogo, ndivyo alivyokuwa mgumu kudhurika. Kilichoshangaza zaidi ni jinsi mtu alivyokomaa. Sehemu kubwa ya alama za uzoefu haikutokana na kuua mazimwi. Ilitokana na hazina aliyorudi nayo salama, sarafu moja ya dhahabu kwa alama moja. Watu waliuliza, kwa haki kabisa: kubeba dhahabu kunamfanyaje mtu kuwa hodari wa upanga?

Jibu linaonekana katika kucheza. Kwa kuwa kupigana kulileta alama chache na hatari nyingi, mchezaji mwenye akili alijifunza kunyata, kudadisi, kujadiliana na zimwi, na kukimbia inapobidi. Sheria iliyoonekana ya kipuuzi ilikuwa inalea busara. Katika toleo la mwaka 1989 ikageuzwa kuwa ya hiari, na katika matoleo yaliyofuata thawabu ikaelemea katika kuua. Kila sheria, basi, inamlea mchezaji wake, na ukitaka kujua inamlea kuwa mtu wa namna gani, usiisome tu. Tazama watu wanafanya nini wanapoifuata.

Wengi waliowashindwa wachache

Turudi nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1951, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Ardhi hiyo ilitakiwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, kufuatana na mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson, iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi na kutoa taarifa yake mwaka 1947. Wameru walipewa ardhi kule Kingori, chini zaidi na penye joto, wakakataa kuihesabu kuwa badala ya haki yao.

Tanganyika wakati huo haikuwa koloni kamili; ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, nayo Uingereza ilikuwa mwangalizi tu. Wameru waliisoma sheria hiyo vizuri kuliko watawala walivyotarajia. Walichangishana, wakaungana katika chama chao cha raia, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kuieleza dunia yaliyowapata. Mtu kutoka miteremko ya Meru alisimama mbele ya wajumbe wa mataifa akasema: hii ni ardhi yetu, na huyu mliyemkabidhi ulezi wetu ametuchomea nyumba.

Walimsikiliza. Shauri likaenda katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko azimio la kuwaunga mkono Wameru likapita. Likafika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, na huko pia waliounga mkono walikuwa wengi kuliko waliopinga. Kisha likaanguka. Kwa mujibu wa ibara ya 18 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, mambo makubwa, yakiwemo ya mfumo wa udhamini, hayapiti kwa wingi wa kawaida. Yanahitaji theluthi mbili ya kura. Wameru walikuwa na kura nyingi zaidi, lakini hawakufikisha theluthi mbili. Kete zilikuwa nyingi upande wao, na wakaambiwa: bao hamna.

Je, sheria hiyo ilikuwa dhuluma? Tuipime kwa maswali yetu. Ilijulikana kabla: iliandikwa mwaka 1945. Iliwafunga wote: mataifa makubwa nayo yamewahi kukwama katika theluthi hiyohiyo. Na kura zilihesabiwa hadharani. Dhuluma ilikuwa Engare Nanyuki, kwa yule aliyechoma nyumba. Haikuwa katika hesabu ya New York. Wala hawakutoka mikono mitupu. Habari za shauri lile zilienea Tanganyika nzima, na Kirilo Japhet aliporejea, watu wa maeneo mengi walitaka kusikia kutoka kinywani mwake kwamba serikali ya kikoloni inaweza kushtakiwa. Miaka miwili baadaye, 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa katika nchi iliyokwisha kujua hilo. Kete iliyoliwa haikufa, ilipandwa kwingine.

Kura tatu

Tukio la pili ni la mwaka 1958, na kwangu ndilo somo kubwa kuliko yote kuhusu jinsi ya kuchezea sheria mbaya.

Gavana Edward Twining aliandaa uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima kwa kanuni ya kura tatu. Kila jimbo la uchaguzi lingetoa wajumbe watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wote, lakini wangepata kiti kimoja kati ya vitatu. Mpiga kura naye alilazimika kumchagua mgombea mmoja wa kila rangi. Akimchagua Mwafrika peke yake, kura yake imeharibika. Ili kuwa mpiga kura ilibidi mtu awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa maalumu. Wakati huohuo chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali, kilikuwa tayari kuvuna.

Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki. Katika mkutano mkuu wa Tabora, Januari 1958, hoja ya kususia ilikuwa na nguvu kiasi kwamba chama kingeweza kupasuka. Julius Nyerere alisimama akawashawishi washiriki. Matokeo yake huitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaunda chama cha African National Congress.

Nyerere aliona nini? Aliona kile ambacho fundi wa bao hukiona katika ulazima wa kula. Sheria ilimlazimisha Mwafrika kumpigia kura Mzungu na Mwasia. Watunzi wake waliona humo kizuizi. Lakini sheria hiyohiyo ilimlazimisha mgombea wa Kizungu na wa Kiasia kuzitafuta kura za Waafrika, kwa sababu daftari la wapiga kura lilikuwa moja. Aliyetaka kiti alipaswa kupendwa na watu ambao Twining alitaka kuwapunguzia sauti. TANU ikatafuta Wazungu na Waasia waliokubali kwamba Tanganyika ni ya wote na kwamba uhuru haucheleweshwi, ikawaunga mkono. Derek Bryceson, Amir Jamal, Lady Chesham: wote waliingia barazani kwa njia hiyo. Hapa kwetu, katika Jimbo la Kaskazini, aliingia Sophia Mustafa, mwanamke wa Kiasia, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya njia ya Tanganyika kuelekea uhuru kilichotoka mwaka 1961.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. UTP haikupata hata kiti kimoja. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kanuni ya kura tatu ilikuwa imekwisha kutupwa, na TANU ikashinda viti 70 kati ya 71. Kiti kilichobaki, cha Mbulu, alikichukua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo na neno hilo, mgombea binafsi, kwani tutakutana nalo tena.

Kwa maswali yetu matatu, kura tatu ilikuwa sheria dhalimu: iliandikwa na mchezaji mmoja ili imfunge mwingine. Lakini ilikuwa na jambo moja jema, nalo ndilo lililoiangusha. Ilitangazwa kabla ya mchezo, na aliyeitunga hakuibadilisha katikati hata alipoona inamgeukia. Mkoloni alishindwa kwa sheria yake mwenyewe, akakubali hesabu.

Ubao uliogeuzwa katikati ya mchezo

Tukio la tatu halina mkoloni. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, Katiba ilibadilishwa ikataka kila mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mlango ambao Herman Sarwatt aliupitia mwaka 1960, chini ya serikali ya kikoloni, ulifungwa na serikali huru. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, kuupinga. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama.

Mwaka huohuo Bunge likapitisha mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba, ambayo yaliifanya haki iliyopatikana mahakamani isiweze kutumika. Mchezaji alikuwa amepata, na ubao ukageuzwa. Mtikila alirudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki kwa mara ya pili. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba, ikasema kwamba hilo ni suala la kisiasa, na wa kulitatua ni Bunge. Yaani mwamuzi alimwelekeza mlalamikaji kwa yuleyule aliyeubadilisha ubao.

Ndipo shauri lilipokuja Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake katika jiji hili tangu mwaka 2007. Tanzania ilikwisha kutoa tamko la kuwaruhusu raia na asasi kufika mbele yake moja kwa moja. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, bila kuiona haki hiyo ikiingia katika sheria za nchi.

Yako mengine ya jamii hiyo. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema kwamba mgombea urais akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuuchunguza uchaguzi huo. Matokeo ya mbunge yanaweza kupingwa mahakamani. Ya rais, ambaye uzito wa kiti chake haulinganishwi, hayawezi. Julai 2020, katika shauri la wakili Jebra Kambole, mahakama ya Arusha iliamua kwamba ibara hiyo nayo inakiuka Mkataba. Lakini kufikia hapo, Novemba 2019, serikali ilikuwa imekwisha kuliondoa lile tamko. Mwananchi wa Kijenge anaweza kupanda daladala akafika hadi karibu na lango la mahakama hiyo. Kupeleka shauri jipya ndani kwa jina lake mwenyewe dhidi ya serikali yake ndiko kusikowezekana.

Waliosimama kandokando

Sitaki msomaji adhani nasema Katiba ni mchezo. Tofauti ni kubwa: aliyeshindwa bao hunywa kahawa akarudi nyumbani, na aliyeshindwa kwa sheria ya nchi huishi ndani ya kushindwa huko pamoja na watoto wake. Kwa sababu hiyohiyo, tungetarajia sheria ya nchi ilindwe kwa uangalifu mkubwa zaidi kuliko ya bao. Kwetu imekuwa kinyume. Hakuna fundi wa Zanzibar anayeweza kusimama katikati ya mtaji akatangaza kwamba tangu sasa kete za mstari wa nyuma nazo zinaliwa, kwa kuwa yeye anaelekea kushindwa. Hatazuiwa na askari. Atazuiwa na vicheko.

Wakuu wa nchi hii wanaijua lugha ya ubao. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao maisha yake yote. Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 akiwa katika bao, kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi. Silikumbushi tukio hilo ili kupamba maneno. Nalikumbusha kwa sababu linaonesha mpaka ulipo. Bao linaweza kuzibeba sheria za ajabu kiasi chochote, na watu wakagombana juu yake usiku kucha, lakini bunduki ikishaingia barazani hakuna tena zamu, hakuna kete, hakuna mshindi. Nchi ambayo watu wake wameacha kuamini hesabu ya ubao iko jirani na mpaka huo, ijapokuwa pamekaa kimya.

Wameru wa mwaka 1952 walishindwa kwa sheria ya ajabu wakaheshimu hesabu, kwa kuwa waliiona ikihesabiwa. Wanachama wa TANU wa mwaka 1958 walipewa sheria mbovu wakaishinda, kwa kuwa haikubadilishwa katikati. Mtikila alishinda mara mbili katika mahakama za nchi yake na mara moja katika mahakama ya Afrika, na hakugombea hata siku moja kama raia asiye na chama. Katika watatu hao, ni mmoja tu aliyekutana na ubao usiokuwa na mwamuzi, na huyo ndiye aliyecheza katika nchi huru.

Kila mjadala wa Katiba mpya ukifufuka, tunagombania ukubwa wa madaraka ya huyu na idadi ya viti vya yule. Hayo ni mambo ya kete. La msingi zaidi ni kukubaliana kwamba mchezaji hataubadilisha ubao wakati zamu ni yake, na kwamba waliosimama kandokando wana haki ya kusema: hapo umekosea, rudisha kete.